Aliyepasuliwa Kichwa Yuko Wapi Leo?

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, watu walipasuliwa kichwa muda mrefu kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa. Ababari, wapasuaji wa jadi wa Abagusii, walichana ngozi ya kichwa hadi mfupa uonekane, kisha wakaukwangua kidogo kidogo mpaka karibu na utando unaofunika ubongo. Hapo mkono ulisimama, kwa kuwa kuutoboa utando ule ndiko walikokuepuka kuliko yote. Wengi waliowaendea walikuwa na shida moja: waliwahi kuumia kichwa, kidonda kikapona, maumivu yakabaki.

Kazi yao iliandikwa. Grounds aliieleza katika East African Medical Journal mwaka 1958. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Hospitali ya Mathari, Nairobi, akaichunguza kwa kina, na mwaka 1985 Furnas na wenzake wakairudia. Ustadi unaosimuliwa humo unastahili heshima. Inasemwa pia kwamba waliokufa walikuwa wachache, na hapo ndipo ninaposita. Mgonjwa aliyepimwa na kupigwa picha na daktari ni yule aliyeishi hata akaonekana. Aliyefariki wiki ile ile alizikwa kwao, na nani angekwenda kumtaja kwa mgeni mwenye kalamu?

Naileta historia hii kwa sababu pengo hilo hilo limo katika tafiti zetu za leo. Kijana wa bodaboda anaanguka usiku karibu na Keroka, hana kofia ngumu. Anafikishwa hospitalini Kisii, anatolewa damu iliyojikusanya kichwani, anapata fahamu, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye faili inaandikwa kwamba hali yake ni nzuri, na katika hesabu za utafiti anaingia upande wa waliofanikiwa. Miezi minne baadaye abiria anampa noti ya mia mbili naye hajui arudishe chenji ngapi. Anafoka kwa jambo dogo. Ameanza kuanguka kifafa. Mama yake anasema tu kwamba huyu si yule, lakini hakuna aliyemuuliza mama.

Shingo nayo ina yake. Anayetolewa goita hupona jeraha upesi, lakini neva ya sauti hupita nyuma ya tezi ile, na ikiguswa vibaya sauti hukwaruza au hupotea. Kwa mwalimu au mwimbaji wa kwaya hayo si madogo, na kovu zuri halitayaonyesha.

Vipimo vipo. Mwaka 1975 Jennett na Bond, wa Glasgow, walitoa kipimo cha ngazi tano kwa walioumia ubongo, kuanzia kifo hadi kupona vizuri. Baadaye kikaongezewa maswali ya maisha ya kila siku: je, mtu anaweza kwenda dukani, anaweza kusafiri peke yake? Kwetu tuulize kama anatumwa soko la Daraja Mbili akarudi na alichoagizwa, kama anapanda matatu bila kusindikizwa, kama kilo za majani chai anazochuma zimefikia zile za zamani. Kwa hayo haihitajiki mashine ya mamilioni. Inatosha simu, na mtu aliyefunzwa kuuliza. Tangu mwaka 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba hadi nyumba. Sioni sababu ya kuwanyima orodha ya waliopasuliwa, mradi mgonjwa mwenyewe ameridhia na siri yake inalindwa.

Simu isipopokelewa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Tuseme wametoka wagonjwa mia, wakapatikana arobaini, na thelathini kati yao ni wazima. Mtafiti ataandika robo tatu wamepona. Wale sitini je? Baadhi wamehamia Nairobi, baadhi wamebadilisha laini ya simu, na baadhi wamekufa. Asiyepatikana hawezi kudhaniwa mzima, kwa maana ugonjwa wenyewe huenda ndio uliomzuia kupatikana.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo la jarida hili, kila makala ya upasuaji wa kichwa na shingo itakayoletwa hapa itaje waliofuatiliwa hadi miezi sita, wasiopatikana, na juhudi zilizofanywa kuwatafuta. Isiyo na hesabu hizo tutairudisha kwa mwandishi, hata kama upasuaji wenyewe ulifanywa kwa ustadi wa kupendeza.