Usilaumu begi kabla hujapima mzigo wote wa mtoto

Miezi michache iliyopita baba mmoja kutoka Muleba aliingia kwenye chumba changu cha kuonea wagonjwa akiwa ameshika begi tupu la mgongoni. Nyuma yake alikuwepo kijana wake wa miaka 13, mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Kijana aliniamkia, akabaki amesimama kwa sababu kukaa kulimuuma. Baba akaliweka begi juu ya meza yangu kama anayeleta kidhibiti mahakamani.

“Waitu daktari, adui ni huyu. Tangu nimnunulie begi hili, mgongo haumwachi.”

Lilikuwa begi la mtumba alilolinunua sokoni Bukoba. Kubwa, imara, la aina wanayobeba wapanda milima na wawindaji wa Ulaya na Marekani. Ndani upande wa mgongoni lilikuwa na fremu nyepesi ya chuma. Nilipoligeuza nikaona kwamba mkanda mpana wa kiunoni umekatwa, na mahali pake pameshonwa vizuri kwa uzi mweusi.

“Fundi alisema ule mkanda unaning’inia tu, hauna kazi,” baba akanieleza.

Nilimwambia ukweli: alichokata ndicho kilikuwa na thamani kuliko vyote. Mwindaji anayetoka porini na nyama nzito mgongoni haibebi kwa mabega. Fremu inapeleka uzito chini, na mkanda unaufunga kwenye mifupa ya nyonga, ambayo ni mikubwa na ina misuli minene kuizunguka. Mabega yanabaki na kazi ya kuzuia begi lisiyumbe. Ukiondoa mkanda, uzito wote unarudi mabegani. Kamba zinavuta nyuma, mtoto anainama mbele ili asianguke, na misuli ya shingo na mgongo inafanya kazi isiyo yake tangu nyumbani hadi shuleni.

Lakini sikutaka kulihukumu begi peke yake. Nikamuuliza kijana, “Mwanangu, mbali na begi, unabeba nini tangu unapoamka?” Baba akawahi kujibu kwamba hakuna kingine. Kijana akatazama sakafu. Baadaye, kwa sauti ndogo, akasema kila alfajiri anashuka chemchemi mara mbili na ndoo ya lita 20. Jioni analeta majani ya ng’ombe.

Anayezifahamu Muleba na Bukoba Vijijini anaelewa maana yake. Vijiji vyetu vingi vimekaa juu ya miinuko, na chemchemi ziko bondeni. Unashuka na ndoo tupu, unapanda na ndoo iliyojaa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ile ina kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Kijana yule alikuwa na kilo 38. Alikuwa akipandisha mlimani zaidi ya nusu ya uzito wake, mara mbili, halafu ndipo anavaa begi. Nilimwomba baba akalipime begi likiwa limejaa, kwenye mizani ya bucha. Alinipigia simu: kilo saba.

Sasa tulinganishe. Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro ni mtu mzima, ameajiriwa kwa kazi hiyo, na mzigo wa wageni anaobeba haupaswi kuzidi kilo 20. Getini kuna mizani, na mzigo ukizidi unapunguzwa. Mtoto wetu wa darasa la tano anabeba kilo zile zile kichwani akipanda kutoka bondeni, na hakuna mizani, hakuna geti, hakuna anayemwambia punguza.

Ndiyo maana msimamo wangu leo ni huu: wazazi tunalilaumu begi kwa sababu linaonekana, na tunaacha kuhesabu mzigo wote wa siku. Tunaponunua begi tunaangalia rangi na zipu. Tunapomtuma mtoto maji tunaangalia pipa lililo tupu. Mara zote mbili tunasahau kumwangalia mtoto.

Nataka niwe mkweli kuhusu begi. Mwaka 2018 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha mapitio ya tafiti 69 kuhusu mabegi ya shule na maumivu ya mgongo kwa watoto. Watafiti hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba uzito wa begi wenyewe ndio unaosababisha maumivu. Pia hakuna ushahidi kwamba begi linapindisha uti wa mgongo, ingawa wazazi wengi wanaamini hivyo. Mtoto mwenye mgongo uliopinda upande ana tatizo lake linalohitaji kuchunguzwa, hata kama hajawahi kuvaa begi.

Basi kwa nini nahangaika na begi? Kwa sababu mtoto wetu haachi kubeba anapolivua. Kabla yake kuna ndoo, baada yake kuna kuni au majani ya ng’ombe, na siku nyingine shule inamwagiza aje na dumu la maji ya bustani. Begi ni kipande kimoja cha hesabu hiyo, na ndicho kipande ambacho mzazi anaweza kukirekebisha leo hii.

Najua jibu litakalokuja. Bibi mmoja wa Kamachumu alinipa siku nikiongea na mama mmoja kliniki: “Mwanangu, sisi tulibeba tangu utoto na hatukufa.” Bibi ana haki yake, na sayansi imemheshimu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliowapima akina mama wa Kikuyu na Waluo nchini Kenya, Wakikuyu wakibeba kwa kamba ya kwenye paji la uso na Waluo kichwani. Waligundua kwamba akina mama hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Ni ufundi wa ajabu.

Lakini tusome hesabu hadi mwisho. Asilimia 20 ya mama wa kilo 60 ni kilo 12. Asilimia 20 ya mtoto wa kilo 30 ni kilo 6. Ndoo ya lita 20 iko mbali sana na vyote viwili. Isitoshe, waliopimwa walikuwa watu wazima, na kilichopimwa ni nguvu ya mwili inayotumika, si maumivu ya shingo. Ninaowaona kliniki wakiwa na miaka 50, shingo hazigeuki na mikono inakufa ganzi usiku, ni akina mama hao hao waliozoea.

Tufanye nini? Kwanza, pima. Mwaka mpya wa masomo unapoanza, mpime mtoto, kisha lipime begi lake likiwa limejaa. Mizani ya bucha, ya duka au ya kahawa inatosha. Wataalamu wengi wanashauri begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 30 hiyo ni kati ya kilo 3 na kilo 4 na nusu. Likizidi, lifungue mbele yake. Mara nyingi utakuta kaunta buku za masomo ambayo hayamo kwenye ratiba ya siku hiyo.

Pili, chagua begi kwa mgongo wa mtoto. Nenda naye sokoni, usimnunulie kwa kukisia. Livae likiwa na kitu ndani, si tupu. Kamba za mabegani ziwe mbili, pana kama vidole vitatu vya mtu mzima, zenye sponji, na zinazoweza kukazwa. Upande unaogusa mgongo uwe mgumu kidogo, usiwe kitambaa kinachojikunja. Chini ya begi pasishuke zaidi ya kiganja kimoja chini ya kiuno. Usinunue kubwa ukisema atakua nalo, kwa sababu begi kubwa linajazwa, na likining’inia matakoni linamvuta nyuma.

Tatu, ukikuta begi la mtumba lenye mkanda wa kiunoni, shukuru na usimpe fundi mkasi. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, usibane tumbo. Ukazwe kwanza, kisha kamba za mabegani. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, vyepesi nje. Mtoto avae kamba zote mbili. Mtu yeyote, mkubwa au mdogo, akihisi ganzi au udhaifu mkononi akiwa amebeba, atue mzigo hapo hapo. Kamba inayobana bega inaweza kuumiza mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi.

Nne, badilisha ndoo. Mtoto wa shule ya msingi apewe dumu la lita tano, si ndoo ya lita 20. Mwenye baiskeli aitume ikalete maji. Safari zitaongezeka, najua, na katika nyumba ya bibi anayelea wajukuu peke yake ushauri huu ni mgumu kuutekeleza. Ndiyo maana nasema hili si jambo la wazazi peke yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja ubebaji wa mizigo mizito miongoni mwa kazi za hatari kwa mtoto. Kamati za shule na serikali za vijiji zinapojadili bomba la maji au agizo la kuni, zikumbuke kwamba zinajadili migongo ya watoto.

Tano, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike: tumia begi kama kipimo. Mtoto akilalamika mgongo, punguza mzigo wote, begi na ndoo na kuni, kwa wiki mbili. Maumivu ya mzigo hupungua. Kijana wa Muleba alirudi baada ya wiki mbili na mkanda mwingine ulioshonwa na fundi yule yule, ndoo imepunguzwa, naye akakaa kwenye kiti bila kukunja uso. Maumivu yasiyopungua yana sababu nyingine, na hapo begi halina hatia.

Namkumbuka binti wa miaka 11 aliyeletwa kwetu baada ya miezi minne ya maumivu. Nyumbani walisema ni begi. Kituo kimoja alichopitia kilisema ni begi, kikampa dawa za maumivu, akapata nafuu ya siku mbili tatu kila mara. Usiku alikuwa analia. Alikonda. Mama alimtengenezea begi dogo la kitambaa, kisha akamwachia kabisa kubeba, na bado aliumwa. Alipofika kwetu miguu ilikuwa imeanza kulegea, na katikati ya mgongo kulikuwa na kinundu unachoweza kukigusa kwa kidole. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Watu hushangaa, kwa sababu mtoto hakuwa na kikohozi. Vimelea vya kifua kikuu vinaweza kusafiri kwa damu kutoka kwenye mapafu hadi kwenye pingili za mgongo. Vinaula mfupa polepole, pingili inasinyaa, mgongo unapinda mbele, na usaha unaweza kuubana uti wa mgongo hadi miguu ipoteze nguvu. Dawa zipo, na katika vituo vya serikali zinatolewa bure. Kwa ugonjwa wa mifupa matibabu huchukua hadi mwaka mzima. Binti yule sasa anatembea na amerudi shule. Kinundu hakikuondoka. Kile kimebaki kwa sababu ya miezi minne ambayo sisi watu wazima tuliitumia kugombana na begi.

Kwa hiyo usisubiri hata hizo wiki mbili ukiona mojawapo ya haya: maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, homa, jasho la usiku au kukonda, kinundu au mgongo uliobadilika umbo, maumivu ya mgongo kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, au nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu au kikohozi cha muda mrefu. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa tulio nao kwa wingi ukanda huu wa Ziwa, naye aje mapema. Miguu ikilegea, au mtoto akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mlete siku hiyo hiyo. Na ukiambiwa ni begi wakati mzigo ulishaondolewa, kataa kwa heshima. Sema, “Daktari, tulishapunguza mzigo na bado anaumwa.” Sentensi hiyo itamfanya anayekusikiliza afikiri upya.

Jioni ya leo mtoto akirudi, mpokee begi lake mlangoni, uliinue kwa mkono wako mwenyewe. Kisha muulize amebeba nini kingine tangu asubuhi, na umwache ajibu yeye.

Mwandishi ni daktari wa binadamu mkoani Kagera.