Nafasi ya KMTC haiuzwi

Kwetu huku Kisumu kuna jambo linalofaa kusemwa kwa sauti zaidi: maombi ya kusomea uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Kitabibu cha Kenya (KMTC) yanapitia tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, na mtahiniwa anachagua mwenyewe kozi na kampasi. Basi. Lakini kila msimu wa maombi, kandokando ya Ziwa Victoria kuanzia Dunga hadi Usenge na Mbita, hujitokeza mtu wa kudai kwamba anamjua mkubwa fulani, na mzazi anauza ng'ombe au injini ya boti ili amlipe. Inaniuma sana, maana pesa hiyo ingelipa karo.

Stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii ni ya miaka mitatu. Hudai wastani wa C katika mtihani wa sekondari wa KCSE, na Baiolojia nayo iwe C. Mwenye C ya jumla na D ya Baiolojia hana njia hapo, kwa hiyo walimu wa sekondari, tafadhali waambieni watoto mapema.

Tena msing'ang'anie Kisumu pekee. Kampasi zipo pia Siaya, Bondo na Homa Bay. Ukienda chuo cha kibinafsi, hakikisha kwanza kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, kwani bila hivyo hutafanya mtihani wa leseni, na bila leseni hakuna wodi itakayokuajiri.

Mkopo wa elimu ya juu wa HELB na basari ya eneo bunge ombeni mapema. Na anayetaka hongo, mripotini polisi.