Vidonge vya wasiwasi haviachwi kwa siku moja: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.
Nakala: Baraza la Famasi, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Mheshimiwa Waziri,

Mgonjwa anayepewa diazepamu mara nyingi huondoka dirishani na kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu: 1 x 1, usiku. Basi. Kwa miaka mingi wananchi wamehimizwa kumaliza dozi, na wengi wamelishika somo hilo. Ila kwa vidonge vya kutuliza wasiwasi halitoshi. Aliyevimeza kwa miezi kadhaa kila usiku, vikimwishia ghafla, ndipo taabu yake inapoanza.

Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Pamoja na ndugu zake lorazepamu, klonazepamu na alprazolamu, huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza shughuli za ubongo. Ubongo ukisaidiwa hivyo kila siku huzoea, ukapunguza mwitikio wake wenyewe. Dawa ikikatwa mara moja, usingizi hupotea, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, na baadhi ya watu hupata degedege linaloweza kuua. Wasiwasi nao hurudi, pengine mkali kuliko ule uliompeleka mtu hospitali. Mgonjwa huamini ugonjwa wake umerejea, akakimbilia dukani kununua vingine. Nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba karogwa. Na huyu si teja. Amemeza alichoandikiwa, kwa saa aliyoambiwa.

Njia ya kutoka inajulikana. Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi mjini Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, kisha akaandika mwongozo unaotumika hadi leo. Alichojifunza kwa wagonjwa wake ni rahisi kukieleza, japo kinahitaji subira: dozi ipunguzwe kidogo kidogo, takriban sehemu moja ya kumi kila baada ya wiki moja au mbili, na mgonjwa mwenyewe awe na kauli juu ya mwendo huo. Anayetumia dawa isiyokaa mwilini muda mrefu, kama lorazepamu, daktari anaweza kumhamishia polepole kwenye diazepamu, ambayo hukaa mwilini kwa siku kadhaa na hivyo kushuka kwa ulaini. Kazi yote huweza kuchukua miezi, hata zaidi ya mwaka. Aliyetumia kwa siku chache tu kwa kawaida hana haja ya safari hii, na mwenye kifafa au mjamzito hapaswi kuianza bila daktari wake.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo mambo hukwama. Mtu anayemeza miligramu 10 kwa siku anatakiwa kushuka hadi 9. Mkononi ana vidonge vya miligramu 5. Akikikata kimoja katikati anapata 2.5, akikikata tena, 1.25, iwapo wembe haukukisaga kikawa unga kwenye sahani. Hiyo 9 haipatikani. Kidonge cha miligramu 2 chenye mstari wa kukatia kingemaliza tatizo: nusu yake ni 1 kamili. Shirika la Afya Duniani linavitaja vyote viwili, cha 2 na cha 5, katika orodha yake ya dawa muhimu.

Barua hii haiombi msako. Kudhibiti uuzaji wa dawa hizi bila cheti ni jambo la haki, lakini msako peke yake humkatisha dawa kwa siku moja mtu ambaye amezitumia miaka mitano. Jimbo la New York liliwahi kujaribu njia ya mkato. Mwaka 1989 liliamuru dawa hizi ziandikwe kwenye fomu maalumu ya nakala tatu, moja ikienda serikalini. Matumizi yalishuka sana. Wakati huohuo, madaktari wakarudia dawa kongwe za usingizi na utulivu, kama meprobameti, ambazo ni hatari zaidi mtu akizidisha. Kwenye makaratasi ya jimbo, bila shaka, ulikuwa ushindi mkubwa.

Kinachoombwa ni kidogo na hakihitaji jengo jipya. Cheti cha dawa hizi kiandikwe tarehe ya kumwona mgonjwa tena kabla ya wiki nne kwisha. Kibahasha kiwe na sentensi moja ya Kiswahili: usiache ghafla, rudi kwa daktari. Wauzaji wa famasi wafundishwe kumwelekeza kituoni mtu anayenunua kwa mara ya tatu, badala ya kumuuzia kimyakimya au kumfukuza. Vidonge vya miligramu 2 viagizwe kwa wingi. Na kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na mhudumu mmoja anayejua kupanga ratiba ya kupunguza, pamoja na kumuuliza mgonjwa kuhusu pombe na tramadoli, kwa kuwa kuvichanganya na dawa hizi huweza kusimamisha pumzi.

Kwa msomaji ambaye vidonge hivyo viko chini ya mto wake: meza cha leo kama ulivyoandikiwa, na wiki hii umwone daktari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwandishi