Bill Sikes Angeuziwa, Elizabeth Barrett Angenyimwa

Kwa Kiswahili "mtoto wa mbwa" ni tusi. Ukimtupia mtu kijiweni, jiandae kukunjwa shati. Lakini nenda Uingereza na mfuko mwepesi, uliza bei ya huyo mtoto wa mbwa, halafu uone nani katukanwa.

Tuanze na namba. Machi 2020 Waingereza walifungiwa ndani kwa sababu ya korona. Dachshund, yule mbwa mwenye miguu mifupi na mwili mrefu kama soseji, alikuwa akitangazwa mtandaoni kwa wastani wa pauni zisizofika 1,000. Hadi Juni, kwa hesabu za shirika la Dogs Trust, amepita pauni 1,800. Miezi mitatu tu! Hakuongezewa mguu wala mkia. Kilichoongezeka ni upweke wa watu, na upweke, jamani, ni bidhaa. Mwaka mmoja baadaye, chama cha watengenezaji wa chakula cha wanyama kilikadiria kwamba kaya milioni 3.2 zilikuwa zimejipatia mnyama wa kufuga tangu korona ianze. Homa ile ya bei ilikuja kushuka, lakini mazoea yamebaki: mtu anatoa pauni elfu na zaidi kwa mnyama wa wiki nane na haoni ajabu.

Sasa ukilalamika, utajibiwa haraka: kwani lazima ununue? Vituo vya kuokoa mbwa vimejaa. Nenda kachukue mmoja, uokoe roho.

Ushauri mzuri, mpaka ufike mlangoni. Hapo unapewa fomu. Nyumba ni yako au umepanga? Kama umepanga, iko wapi barua ya mwenye nyumba? Una ua? Uzio wake una urefu gani? Unashinda nje ya nyumba saa ngapi kwa siku? Una watoto, na mdogo ana miaka mingapi? Umewahi kufuga mbwa? Ukishajaza, huenda akaja mtu kukagua nyumba. Ukishakaguliwa, unasubiri. Na wengi, baada ya kusubiri, hupata ujumbe mfupi wa heshima: samahani, hukufaa.

Hoja yangu ni moja. Soko la mbwa humuuliza mtu swali moja tu, ana pesa kiasi gani. Kituo cha mbwa humuuliza mengine yote. Mbwa ni yule yule, nyumba ni ile ile, hatari ni ile ile. Maswali yamepangwa kwenye mlango mmoja, na ule wa pili umeachwa wazi kwa yeyote mwenye noti. Matokeo yake ni kwamba aliye tayari kumchukua mbwa asiyetakiwa anahojiwa kama mshukiwa, na anayenunua mbwa kwa ajili ya picha anapokelewa kama mteja.

Blogu hii ni ya vitabu, basi tupime kwa vitabu. Nawaleta waombaji wawili.

Wa kwanza ni Bill Sikes, yule jambazi wa Oliver Twist ya Charles Dickens. Ana mbwa, jina lake Bull's-eye, na humpiga mpaka tunashangaa kwa nini mnyama huyo bado anamfuata. Mwisho wa hadithi, akiwa ameshamuua Nancy na anasakwa, Sikes anataka hata kumzamisha mbwa wake ili asitambulike kwaye. Huyu leo angepataje mbwa? Kirahisi kabisa. Angefungua simu, atafute tangazo, apande treni, ahesabu fedha. Wapo wafugaji waadilifu wanaomhoji mnunuzi kabla ya kumkabidhi mtoto wa mbwa, na tuwape haki yao. Lakini wanafanya hivyo kwa hiari. Sikes akikataliwa huku, angebisha pale.

Wa pili ni Elizabeth Barrett, mshairi. Miaka ya 1840 alikuwa mgonjwa, akiishi chumba cha nyuma katika nyumba ya baba yake mtaa wa Wimpole, London, muda mwingi kitandani au kwenye kochi. Rafiki yake, mwandishi Mary Russell Mitford, hakuwa na pesa, na mbwa wake wa mbegu ya spanieli angeweza kumuuza kwa bei nzuri. Hakumuuza. Alimpa Elizabeth. Mbwa huyo ni Flush, ambaye Virginia Woolf alimwandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1933. Flush aliishi na bibi yake, akavuka naye bahari alipotoroka kwenda Italia na mumewe Robert Browning, akafia Florence.

Hebu tumjazie Elizabeth fomu ya leo. Nyumba ni yako? Hapana, ni ya baba. Baba anasemaje? Baba ni mkali, hata kuolewa hataki mtoto wake aolewe. Una ua wenye uzio? Naishi chumbani. Utamtembeza mara ngapi kwa siku? Kusimama kwenyewe kunanishinda. Fomu imekwisha. Samahani, bibi, hukufaa.

Bill Sikes angeuziwa. Elizabeth Barrett angenyimwa. Mfumo unaotoa jawabu hilo haumlindi mbwa, hata kama kila aliyeutunga alikuwa na nia njema.

Kuna watakaosema sheria imeshatibu hili. Ni kweli, Uingereza inayo Sheria ya Lucy, iliyopewa jina la spanieli mdogo aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, mwili umechakaa kwa kuzalishwa mfululizo. England ilianza kuitumia tarehe 6 Aprili 2020, wiki mbili tu baada ya watu kufungiwa ndani. Duka au dalali haruhusiwi tena kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 6. Mnunuzi anatakiwa akutane na mfugaji mwenyewe na amwone mtoto pamoja na mama yake. Ni sheria nzuri, na waliopigania wanastahili sifa. Lakini isome tena taratibu. Inamuuliza muuzaji. Mnunuzi haimuulizi chochote. Tena leseni ya ufugaji inamhusu anayezalisha mara tatu au zaidi kwa mwaka, au anayeonekana wazi kuwa anafanya biashara. Mwenye jike mmoja nyuma ya nyumba, anayemzalisha mara mbili kwa pauni elfu na kitu kila mtoto, anaweza kuponyoka. Hata ile leseni ya zamani ya kumiliki mbwa, iliyokuwa imeshuka thamani hadi kufikia senti 37, ilifutwa mwaka 1987. Dola ilikuwa na swali moja dogo kwa mwenye mbwa, ikaona hata hilo ni usumbufu.

Halafu kuna hoja ninayoichukia kuliko zote: eti bei kubwa ni kinga. Aliyelipa sana atatunza vizuri. Kama ingekuwa kweli, mwaka 2022, gharama za maisha zilipopanda, Dogs Trust wasingepokea idadi ya rekodi ya maombi ya watu wanaotaka kuwaachia mbwa wao. Wengi wa mbwa hao walikuwa wamenunuliwa. Bei haikununua uvumilivu. Ilinunua mbwa.

Bei kubwa inachofanya kwa uhakika ni kumwita mwizi. Fasihi ilishatuonya. Flush huyo huyo aliibwa London na genge la Whitechapel lililokuwa likiishi kwa kuteka mbwa wa matajiri na kudai fidia. Robert Browning alishikilia kwamba majambazi wasilipwe hata senti, na Elizabeth, mgonjwa asiyetoka chumbani, akapanda gari la farasi kwenda mwenyewe kumtafuta. Na The Call of the Wild ya Jack London, ya mwaka 1903, inaanzia wapi? Sokoni. Dhahabu imeonekana Klondike, mbwa wenye nguvu wanatakiwa kwa bei yoyote, na msaidizi wa mtunza bustani mwenye madeni ya kamari anamwiba Buck nyumbani kwa jaji huko California na kumuuza. Kitabu kile husomwa kama hadithi ya wito wa porini, lakini kurasa zake za mwanzo ni za bei. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, wimbi la bei za korona lilikuja na wimbi la wizi wa mbwa, hadi Bunge likatunga mwaka 2024 sheria ya kuteka wanyama wa kufugwa, yenye kifungo cha hadi miaka 5.

Vitabu na filamu vyenyewe havina mikono safi. Dodie Smith aliandika The Hundred and One Dalmatians mwaka 1956, na mwovu wake, Cruella de Vil, ni mtu anayemwona mtoto wa mbwa kama koti. Filamu ya mwaka 1996 ilipotoka, familia zikakimbilia kununua Dalmatian, na baadaye vituo vya Marekani vikalalamika kwamba madoadoa yale yanatelekezwa milangoni mwao. Watu walitoka sinema wakimlaani Cruella, wakaenda kununua manyoya.

Sasa niwatendee haki watu wa vituo, maana si maadui zangu. Wengi ni wa kujitolea. Wao ndio wanaompokea mbwa aliyevunjwa mbavu, aliyefungwa mnyororo miaka, anayetetemeka akiona fimbo. Mbwa akirudishwa kituoni mara ya pili na ya tatu, anaharibika zaidi. Mimi ningekuwa wao, ningeuliza maswali mengi. Ugomvi wangu ni na maswali yanayopima mali badala ya matunzo. Uzio haumpendi mtu. Hati ya nyumba haimpeleki mbwa haja saa kumi na moja alfajiri. Mpangaji wa ghorofa ya tatu anayemtembeza mbwa mara tatu kwa siku ni bora kuliko mwenye bustani anayemfungulia mlango wa nyuma na kumsahau. Na anayefanya kazi ya zamu, je? Muuguzi, dereva wa basi, hawa ndio wanaoangushwa na swali la saa. Yapo makao yanayomtazama mtu mmoja mmoja na kuachana na kanuni za jumla, na sheria mpya ya wapangaji iliyopitishwa England mwaka 2025 inampa mpangaji haki ya kuomba kufuga, mwenye nyumba asikatae bila sababu ya msingi. Basi fomu nazo zifuate.

Msomaji wa Dar au Nairobi atauliza: haya ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu na kwetu milango ni miwili. Pita barabara fulani za Nairobi uone vijana wamesimama juani, wamebeba watoto wa mbwa kifuani wakiwaonyesha wenye magari. Foleni ikisimama, kioo kinashuka, bei inapatanwa, taa inawaka kijani, na maisha ya kiumbe wa miaka kumi na zaidi yameshaamuliwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa mtoto wa mbwa anatembezwa na si kosa lake. Kwenye mitandao nako, majina ya mbegu za kigeni ndiyo yanayopandisha bei, na yule wa kwetu tumeshamwita koko, neno ambalo peke yake ni hukumu. Koko hana bei, kwa hiyo hana mtetezi. Halmashauri zikipata hofu ya kichaa cha mbwa, zimezoea kutoa bunduki au sumu, wakati inajulikana kwamba kinachokata ugonjwa ule ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kazi ya miaka mingi kuzunguka Serengeti imelionyesha hilo. Mbwa aliyechanjwa ni ukuta. Ukimuua, umebomoa ukuta wako.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea huko Holloway, London, na magazeti yakamcheka: watoto wa watu wana njaa, wewe unalisha mbwa? Miaka miwili baadaye, jarida la All the Year Round, mhariri wake Dickens, lilichapisha makala iliyoweka maonyesho mawili ya mbwa ubavu kwa ubavu: yale ya Islington, ya mbwa wa tuzo na nasaba, na "maonyesho" ya Holloway, ya mbwa wasio na mtu. Umbali kati yao ulikuwa mfupi, wa kwenda kwa miguu. Makao ya Holloway baadaye yalihamia Battersea na yapo hadi leo. Na ule umbali upo hadi leo.

Dawa ninayoitaka haihitaji bajeti kubwa. Moja: anayenunua mbwa aulizwe yale yale anayoulizwa anayechukua wa kituoni. Kama swali ni la haki, ni la haki kwa wote. Kama ni la kipuuzi, lifutwe kwa wote. Mbili: leseni ianze na mtoto wa mbwa wa kwanza anayeuzwa. Tatu: vituo vifute kila sharti linalopima ukubwa wa nyumba kabla ya kumtazama mtu machoni. Nne, na hii ni yetu sisi wa Kiswahili: tuache kumwita koko mbwa ambaye kosa lake ni kuzaliwa bila cheti.

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tunavyosema tukizungumzia watu. Mbwa hakuwahi kuisikia methali hiyo. Yeye hulamba mkono wowote, wa Sikes na wa Elizabeth, mtupu au wenye noti. Kwa kuwa yeye hachagui, wajibu wa kuuliza ni wetu, na tuuulize kwenye milango yote miwili.