Cheo cha polisi ni deni kwa raia

Ndugu wasikilizaji, hasa ninyi wahami mulio kambini, leo ninapenda tuangalie kazi ya Bibi Cressida Dick wa Uingereza, maana ndani yake kuna swali linalotuhusu.

Aliingia polisi ya London mwaka 1983. Mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza polisi hiyo iliyoundwa mwaka 1829.

Lakini tarehe 22 mwezi wa saba mwaka 2005, wiki mbili baada ya mabomu yaliyoua watu 52 mjini humo, yeye ndiye aliongoza operesheni ambamo askari walimpiga risasi Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazili, ndani ya treni. Walimdhania kuwa mtu wa mabomu. Hakuwa na kosa lolote. Mwaka 2007 mahakama iliitoza polisi faini, lakini jopo la raia waliosikiliza kesi likasema yeye binafsi hana lawama. Akaendelea kupanda cheo.

Mwezi wa tatu mwaka 2021, askari wa polisi hiyo alimkamata Sarah Everard barabarani kwa kadi ya kazi na pingu, kisha akamuua. Mwezi wa pili mwaka 2022, ripoti ikafunua ujumbe wa simu ambamo askari walidharau wanawake na watu weusi. Meya Sadiq Khan akakosa imani naye, na Bibi Dick akatangaza kwamba anaondoka.

Wapo wanaosema alionewa, kwani si yeye aliyeua. Mimi sikubali. Mkubwa haulizwi tu alifanya nini kwa mkono wake. Anaulizwa pia alivumilia nini ndani ya nyumba yake.

Kinachoniuma ni kingine. Wakaaji wa London walipopoteza imani, cheo kilianguka. Mgeni alipouawa, jamaa yake walilia miaka mingi, na hakuna askari hata mmoja aliyehukumiwa.

Sisi tuliokimbia makwetu tunajua maana ya kuwa mgeni. Kwa hiyo mkubwa wa polisi, awe London au hapa kwetu, nisingempima kwa nyota za begani. Ningeuliza hivi: mtu asiye na ndugu mjini, je, anaweza kumkimbilia askari wake usiku bila kuogopa?