Tusiwafungashie Watoto Mizigo Yao



Kila likizo ya Juni inapokaribia, walezi wa skauti katika parokia zetu huulizana maswali mawili: kambi itafanyika wapi, na nani atashughulika? Swali la kwanza hujadiliwa sana. La pili hujibiwa haraka: atashughulika frateri aliyekuja parokiani kwa likizo, akisaidiwa na mlezi mmoja na akina mama wachache wa WAWATA. Hao ndio watakaoandika bajeti, watanunua unga, watatafuta gari na kupanga ratiba. Mtoto atafika asubuhi ya safari na begi alilofungiwa na mama yake, ataitwa jina, atapanda gari.

Maoni yangu ni kwamba kambi ya namna hiyo imepoteza nusu ya faida yake kabla gari halijawashwa. Maandalizi ni sehemu ya kambi, tena sehemu kubwa. Mtoto aliyeshiriki kuliandaa juma lile anakwenda kambini. Aliyeandaliwa kila kitu amepelekwa matembezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi huwafanya watoto wetu wageni kwa siku saba mfululizo, kisha tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kushika jembe.

Ilivyokuwa tangu mwanzo

Skauti wenyewe hawakuanza hivyo. Mwezi Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza ambaye kaburi lake liko jirani kwetu, Nyeri nchini Kenya, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea kwa kambi ya majaribio. Alifanya mambo mawili ambayo yanatuhusu hadi leo.

Kwanza, aliwagawa wavulana katika vikosi vinne, na kila kikosi akakipa kiongozi kutoka miongoni mwa wavulana wenyewe. Pili, aliwachanganya watoto wa shule za gharama na watoto wa wafanyakazi wa kawaida, lakini hakuwatoza sawa. Watoto wa matajiri walilipa pauni moja, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 20. Wale wengine walilipa shilingi 3 na nusu. Yaani mtoto wa kibarua alilala kando ya mtoto wa tajiri kwa chini ya sehemu ya tano ya ada.

Kanisa halikuchelewa kuona thamani ya malezi haya. Padre Jacques Sevin, Mjesuiti wa Ufaransa, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha skauti Wakatoliki nchini mwake mwaka 1920, na mwaka 2012 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye heshima. Kwa hiyo frateri anayepewa kundi la skauti asione amepewa kazi ya pembeni. Ni malezi yaliyokwisha kumweka padre mmoja kwenye njia ya kutangazwa mwenyeheri.

Watoto waandae nini?

Tuchukue mfano. Kundi la watoto 24 kutoka Tunduma linakwenda juma moja upande wa Mbozi. Tuwagawe katika vikosi vinne vya watoto sita sita, na tuanze wiki nane kabla.

Tuanze na chakula. Kila kikosi kipige hesabu yake. Ikiwa mtoto mmoja anahitaji gramu 300 za unga kwa mlo mmoja wa ugali kwa siku, watoto sita kwa siku saba watahitaji kilo 12 na gramu 600. Maharage gramu 100 kwa kila mtoto kwa siku ni kilo 4 na gramu 200. Bado mchele, mafuta, chumvi, nyanya, vitunguu, sukari na mkaa. Wakimaliza hesabu, waende sokoni wenyewe pamoja na mlezi, waulize bei, warudi waandike upya. Mtoto wa Tunduma amekulia kwenye biashara. Wapo wanaobadili kwacha kuwa shilingi kichwani kabla wewe hujatoa simu mfukoni. Kwa nini kipaji hicho tukiache nje ya geti la parokia? Bwana wetu katika Injili ya Luka alizungumza juu ya mtu anayeketi kwanza kupiga hesabu ya gharama kabla ya kujenga mnara. Mtoto aliyepiga hesabu ya unga wa kikosi chake ataielewa sehemu hiyo ya Injili kuliko aliyehubiriwa mara kumi.

Mizigo nayo iwe yao. Wenzetu wa Ulaya hufanya kambi zao majira ya joto. Juni yetu ni kipupwe, na nyanda za Mbozi ziko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni kule si wa shuka moja. Watoto waandike orodha yao: blanketi, sweta, soksi, raba, kandambili, sahani, kikombe, kijiko, sabuni, mswaki, tochi. Kisha, wiki mbili kabla ya safari, kila mmoja afungashe begi lake mwenyewe, alilete kwenye mkutano na kulibeba kilomita mbili. Aliyepakia jozi tatu za viatu na kusahau blanketi atajigundua mapema, wakati nyumbani bado ni karibu.

Kuhusu maji, watoto wetu hawahitaji kufundishwa thamani yake; shida ya maji Tunduma wanaijua, na uzito wa dumu la lita 20 wanaujua mabegani mwao. Kinachobaki ni kupanga: nani atachota, nani atachemsha, nani atahakikisha kuna maji na sabuni ya kunawa karibu na choo. Zamu hizo ziandikwe na kikosi chenyewe.

Vivyo hivyo sala. Mara nyingi frateri huongoza sala ya asubuhi, huchagua nyimbo, husoma somo na kulieleza. Watoto huitikia amina. Afadhali kila kikosi kipewe siku yake tangu mapema, kichague nyimbo, kimwandae msomaji na kutunga maombi. Frateri awafundishe namna ya kuandaa, kisha akae kwenye benchi pamoja na wengine.

Mwisho, safari ya mguu. Ukiwa Mbozi huwezi kuacha kukitembelea kimondo katika kijiji cha Ndolezi, jiwe la chuma lililotoka angani, lenye uzito wa tani nyingi. Ulimwengu wa sayansi unakifahamu tangu mwaka 1930, lakini wapo watoto wa Tunduma ambao hawajawahi kukiona. Kikosi kimoja kipewe kazi ya kuulizia kiingilio na njia, kingine kitafute habari za kimondo na kuwasimulia wenzao wakishafika. Mtoto akisimama mbele ya jiwe lile akaeleza lilikotoka, hapo hata mzungumzaji wa Zaburi anayeitazama kazi ya mbingu anapata mwenzake.

Kazi mbili za wakubwa

Je, walezi wabaki kukunja mikono? Hapana. Zipo kazi mbili ambazo hazipaswi kuachwa mikononi mwa watoto.

Ya kwanza ni usalama. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi. Mahali pa kambi pakaguliwe na watu wazima kabla ya watoto kufika, na zahanati ya karibu ijulikane. Wawepo walezi wa kike na wa kiume, watoto wa kike walale peke yao, na mtu mzima yeyote, awe frateri, katekista au padre, asikae faragha na mtoto mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatudai kumlinda mtoto, na Kanisa linatudai zaidi. Frateri anayeona masharti haya ni kutokuaminiwa ajue kwamba yanamlinda yeye pia.

Hapo pana mambo madogo yanayoumiza kimya kimya. Yupo mtoto mwenye pumu, yupo mwenye selimundu, yupo anayemeza dawa kila siku na hataki wenzake wajue. Yupo binti anayeogopa siku zake zitamkuta kambini. Yupo mvulana wa miaka kumi na mmoja ambaye bado anakojoa kitandani, na kwa sababu hiyo atasema hapendi kambi. Mlezi azungumze na kila mzazi peke yake, siri itunzwe, dawa zihifadhiwe na mtu mmoja anayeaminika, taulo za kike ziwepo za kutosha, na yule mvulana aamshwe taratibu usiku bila mtu mwingine kujua. Hakuna kikosi cha watoto kinachoweza kubeba mzigo huo. Ni wetu.

Kazi ya pili ni kuhakikisha hakuna anayebaki nyumbani kwa sababu ya fedha. Hapa ndipo kambi zetu nyingi hukwama, na hukwama bila kelele. Mchango hutangazwa baada ya Misa, kiasi kimoja kwa wote. Mtoto wa mwenye duka analipa siku hiyo hiyo. Mtoto wa mama anayeuza ndizi kandokando ya foleni ya malori anasikia tangazo, anarudi nyumbani, na Jumapili inayofuata haji mkutanoni. Hatuulizi. Tunaandika kwamba amejitoa. Hakujitoa, tumemtoa.

Dawa yake ni ile ya Brownsea: kila mtu atoe kadiri alivyo, na anayejua nani katoa kiasi gani awe mtunza hazina peke yake. Jumuiya ndogo ndogo zetu zinaweza kila moja kubeba mtoto mmoja. Anayetoka kuvuna mahindi anaweza kutoa debe badala ya noti. Na watoto wenyewe wachange kwa kazi: kuosha magari Jumamosi, kupalilia bustani ya parokia, kuuza karanga walizokaanga. Katika Injili ya Yohane, aliyekuwa na mikate mitano na samaki wawili alikuwa mtoto. Bwana hakumwambia akakae pembeni kwa sababu chakula chake ni kidogo.

Kwa mafrateri

Mwaka 1958 padre mmoja wa Poland alikuwa katika safari ya mitumbwi pamoja na vijana, alipoitwa Warsaw kuelezwa kwamba Papa Pius XII amemteua kuwa askofu msaidizi wa Kraków. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alipokea uteuzi, kisha akarudi kwa vijana wake majini. Vijana hao walimwita Mjomba, kwa kuwa serikali ya wakati ule haikuruhusu padre kuongoza makundi ya vijana nje ya kanisa. Aliadhimisha nao Misa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ndiye Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II. Kati ya vijana wale alikuwa msafiri mwenzao, mwenye kasia lake.

Ndugu yangu frateri, namna unavyoiandaa kambi leo ndivyo utakavyoiongoza parokia kesho. Ukizoea kuandika bajeti peke yako, kununua peke yako na kusali kwa niaba ya wote, utakuwa paroko hodari ambaye waamini wake ni watazamaji. Siku utakayohamishwa, kila kitu kitahama nawe. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Christus Vivit wa mwaka 2019, alikumbusha kwamba vijana wenyewe ndio watendaji wa utume wa vijana. Hilo huanza na kitu kidogo kama kumwachia binti wa miaka kumi na mitatu daftari la hesabu ya unga.

Najua watakaosema kwamba watoto watakosea, na ni kweli. Ugali utakuwa mbichi siku ya kwanza. Kikosi kimoja kitasahau chumvi, na kitalazimika kwenda kuomba kwa jirani. Wimbo wa mwanzo utaanzishwa juu mno. Mzazi mmoja atauliza kama hii ndiyo kambi aliyoichangia. Tumjibu kwa heshima kwamba ndiyo. Mtoto aliyekula maharage yasiyo na chumvi aliyoisahau mwenyewe hataisahau tena, na aliyeomba chumvi kwa jirani amejifunza kitu ambacho wakubwa wengi bado hatujakijua. Makosa ya namna hiyo hayamdhuru mtu. Yale yanayodhuru, ya usalama na ya kumwacha mtoto nyuma, ndiyo tumekubaliana kwamba ni juu yetu.

Kwa hiyo ninapendekeza jambo moja rahisi. Kabla ya kutangaza kambi ijayo, waiteni viongozi wa vikosi, hao hao watoto, wapeni daftari na kalamu, waulizeni: tunahitaji nini, na nani kati yetu anaweza kushindwa kuja? Majibu ya swali la kwanza wafanyie kazi wao. Majibu ya swali la pili yapelekeni kwenye halmashauri ya walei Jumapili hiyo hiyo.