Tuhamie kwenye wingu ama tubaki na seva yetu?

Swali hili naulizwa karibu kila mwezi na wenye biashara wa kila aina: wa hadiwea, wa shule, wa sacco, hata wa kliniki. Kwa kawaida muulizaji ametoka kuongea na muuzaji, na muuzaji amemwambia kwamba seva ya ofisini ni mambo ya zamani.

Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Biashara haihamii popote. Zinazohama ni kazi za biashara, moja moja. Barua pepe ni kazi moja. Mfumo wa kaunta ni kazi nyingine, mishahara nyingine, na kila moja ina jibu lake.

Kwanza tuelewane. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine, unazikodi kwa saa au kwa sekunde. Amazon walianza kukodisha za kwao mwaka 2006, na wazo lilikuwa zuri sana: ukihitaji seva 100 leo na 2 kesho, unalipia 100 leo na 2 kesho. Utamu wote uko hapo. Tovuti ya kuuza tiketi, inayolala wiki nzima halafu inavamiwa Ijumaa jioni, inafaidika kweli kweli.

Lakini chukua mfano wa hadiwea yenye matawi Nakuru, Naivasha na Gilgil. Mashine za kaunta ni 10 leo, 10 kesho, na 10 mwezi wa Desemba. Kukodi kwa saa kitu unachokitumia saa zote ni sawa na kwenda kazini kwa teksi mwaka mzima. Kampuni ya Marekani ya 37signals, wenye Basecamp, ilitangaza Oktoba 2022 kwamba inatoka kwenye wingu kwa sababu kama hiyo: kazi yao haikuwa ya kupanda na kushuka, na mwaka huo walilipa zaidi ya dola milioni 3. Wakanunua seva zao. (Netflix nao walienda njia ya kinyume, wakamaliza kuhamia Amazon Januari 2016, na bado wako huko. Kila mtu na mzigo wake.)

Sasa jambo ambalo wauzaji hawaligusi: bili huwa kwa dola, na wewe unauza misumari kwa shilingi. Bili ya dola 1,000 kwa mwezi ilikuwa kama shilingi 110,000 mwaka 2021. Januari 2024 bili ile ile, kazi ile ile, ilikuwa kama shilingi 160,000. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu, ikarudi karibu 130,000. Hakuna aliyeongeza seva, hakuna aliyefanya kosa, na bado mhasibu ilibidi atafute pesa mahali. Seva uliyoinunua ulishailipa. Dola ikipanda utaisikia siku ya kununua nyingine. Ndiyo maana nasema, kabla ya kutia sahihi, piga hesabu kwa dola ya 160. Ikikuuma, ulizia bei kwa watoa huduma wa Nairobi wanaotoza kwa shilingi.

Halafu kuna njia ya kufika huko. Zilipokuja Afrika, kampuni kubwa zilitua Afrika Kusini: Microsoft 2019, Amazon 2020, Google 2024. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikawa ya kutambaa. Siku kama hiyo, kama kaunta yako haiwezi kutoa risiti bila kuuliza seva iliyo Cape Town, mteja anaweka saruji chini na kuvuka barabara kwa jirani yako. Mimi kaunta siipeleki mbali. Iuze hapo hapo dukani, itume taarifa mtandao ukirudi.

Msinielewe vibaya, sisemi seva ya ofisini ni salama. Mara nyingi iko chini ya meza, karibu na birika la chai, na nakala za akiba ziko kwenye diski iliyo juu ya seva hiyo hiyo! Moto mmoja, ama mwizi mmoja, na madeni ya wateja miaka mitano yamekwenda. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Betri ya nusu saa haingekusaidia. Na nani anaweka viraka vya usalama? Kama jibu ni "kijana fulani akija", basi barua pepe na tovuti zitoke hapo haraka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa hadiwea ile: nakala za akiba ziende kwenye wingu wiki hii, zikiwa zimefungwa kwa nenosiri ambalo mnalo nyinyi. Barua pepe na tovuti zifuate. Kaunta ibaki. Ripoti za mwenye duka, anazotaka kuzisoma akiwa Mombasa, zaweza kwenda. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikatazi moja kwa moja kupeleka data za wateja nje ya nchi, ila inakudai uwe na ulinzi unaoweza kuuonyesha, kwa hiyo mwambie wakili asome mkataba.

Na uliza mapema gharama ya kutoka. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft waliondoa ada ya kuhamisha data kwa mteja anayeondoka kabisa. Kinachokufunga siku hizi ni programu: ukijenga juu ya hifadhidata ambayo ni ya kampuni moja tu, utaiandika upya. Mwambie fundi atumie PostgreSQL ya kawaida, halafu mwezi ujao arudishe nakala kutoka kwenye wingu hadi kompyuta tupu, wewe ukiwa umekaa hapo unaangalia saa.